Inarudi Mahari Yake

Ukimwambia kwamba kitabu ulichosoma ni kizuri, nguo yako haishonwi. Inateremka chini kabisa ya furushi, chini ya sare za shule na suruali za makarani, na huko itakaa mpaka upate neno lingine. Sketi yangu ya kwanza ilikaa kwa Fundi wiki tatu, na ilikuwa kazi ya kukunja pindo tu, kwa sababu nilirudisha riwaya nikasema, "Nzuri sana, Mama." Aliniangalia juu ya miwani. Akasema nzuri ni chapati. Hii kitabu imekufanya nini?

Nilikuwa taipisti katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega, miaka ya tisini mwanzo mwanzo, na kazi yangu ilikuwa kupiga taipu maneno ya wakubwa. Barua zilipita vidoleni mwangu kutwa nzima na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniuliza, wewe unaonaje? Nikarudi chumbani kwangu bila sketi, nimekasirika, nikaisoma ile riwaya mara ya pili.

Fundi alikuwa mwanamke mnene kiasi, mtu wa Mayoni, upande wa Mumias, aliyeweka cherehani yake kwenye veranda nyuma ya soko miaka mingi kabla sijafika mji huo. Ukoo wake sikuuliza, naye hakunieleza. Kila mtu alimwita Fundi, hata mume wake. Waislamu wenzake wa Mumias walipopita walimpa asalaam aleikum, akaitika bila kuondoa mguu kwenye pedali, kisha akawauliza kama wamemaliza kile kitabu. Shule aliishia darasa la tano. Alisoma polepole, midomo ikicheza, kidole chenye subana ya chuma kikitembea chini ya mstari, na alikuwa hafichi hilo. "Mimi nasomanga kama mtu anakula samaki," alisema. "Ukiharakisha, mfupa."

Shida yetu, sisi tuliosoma kwake, ilikuwa moja tu: vitabu vichache, watu wengi. Fundi aliitatua kwa mkasi. Alifungua mgongo wa kitabu pale uzi ulipopita, akakigawa vipande sita, kila kipande akakishonea jalada la mabaki ya kaki iliyobaki kwenye kaptula za wanafunzi, akaandika namba kwa chaki. Riwaya moja ikasomwa na watu sita kwa wakati mmoja, kila mtu na kipande chake, wiki kwa wiki, mwenye cha tatu akimfuata mwenye cha pili kwa nyuma na kumlaumu kwamba anachelewa. Mara ya kwanza kuona nilishtuka, nikadhani mama huyu ana wazimu. Lakini mtu huyohuyo aliyepasua vitabu kwa mkasi, akikuona umekunja sikio la ukurasa alikuchapa mkono. Na kabla hujashika kipande ulinawa kwa sabuni mbele yake, hata uwe nani. Mume wake, mzee mpole ambaye hakusoma chochote isipokuwa Kurani, ndiye aliyetumiminia maji na kutuchemshia chai.

Sheria kubwa ilikuwa hii: anayetangulia hasemi. Ukishasoma kipande cha tano, mwenye cha pili akikuuliza kama yule bwana atakufa, unakuwa bubu. Kulikuwa na muuza omena mmoja, wale dagaa wa ziwani, Mama Omena tulimwita, ambaye siku moja aliguna tu jina la mtu fulani lilipotajwa, na kwa kuguna huko alinyimwa kipande wiki mbili nzima.

Jumamosi baada ya sala ya alasiri tulikaa kwenye mkeka pale verandani, na kila mtu alitoa kauli yake. Mvua ya Kakamega haikosi saa hizo. Ikipiga mabati hatusikilizani, tunanyamaza na chai yetu, ikipungua aliyekatizwa anaendelea palepale. Fundi alihukumu riwaya kwa maneno ya kazi yake. Sura ndefu isiyo na jambo ilikuwa imepwaya. Mtu aliyeletwa hadithini kwa sababu tu mwandishi alimhitaji alikuwa kifungo bila tundu. Na mwandishi aliyetaka ulie, ukamwona anavyotaka ulie, huyo mshono wake umetokea nje. Baada ya kumsikia mwaka mmoja nilianza kuona mishono mahali pote, hata katika hotuba za bosi wangu nilizokuwa napiga taipu.

Mtu mmoja aliyeleta suruali alimuuliza kwa dharau kwa nini anajisumbua na vitabu, mtihani gani anaungoja na umri huo. Fundi hakukasirika. Alikuwa na uzi mdomoni, akautoa kwanza. "Wewe ukikula ingokho," akasema, yaani kuku, "unakulanga ndio upasi mtihani?" Bwana yule akacheka, akachukua kipande cha kwanza cha riwaya tuliyokuwa nayo, akawa wetu.

Alichukia uongo. Ukimwambia utaleta pesa Ijumaa usipoleta, salamu anakunyima. Lakini riwaya, ambazo ni uongo kutoka jalada hadi jalada, alizipenda kupita kiasi, na ukimkumbusha hilo alisema uongo wa kitabu umefuliwa. Kitambaa chakavu cha upana wa kidole hakukupa bure. Kitabu kizima alikupa bila hata kuuliza unaishi wapi. Na nilimwona kwenye mazishi matatu akiwa macho makavu, akigawa chakula, halafu nikamkuta Jumatatu moja asubuhi analia juu ya cherehani kwa ajili ya msichana wa sura ya nne.

Sasa nimfikie Mkaguzi. Alikuwa mkaguzi wa shule aliyestaafu, mwenye tai hata Jumamosi, na kusema haki alisoma kutushinda sote. Alikuja kwetu kwa sababu mjini hapakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye riwaya. Lakini mkeka ulimsumbua. Alikaa kwenye kiti, peke yake, juu yetu, na kila tulipochanganya r na l alitusahihisha. Ukisema "nimesoma kulasa kumi" anasimamisha kila kitu mpaka useme kurasa. Bosi wangu alimheshimu sana, nami nikamheshimu kwa hofu ileile niliyomwogopea bosi.

Kisha kikaja kile kitabu cha jalada la kijani. Hakikuwa na jina, ukurasa wa mbele ulishachanwa zamani. Kilikuwa kisa cha mwanamke aliyeolewa na mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu tajiri, asiyempiga wala kumtukana, lakini anayechoma kila barua inayomjia mkewe kutoka kwa dada yake. Mwanamke anarudi kwao kwa mazishi, anagundua nakala ambazo dada alizihifadhi, barua tisa ambazo hakuwahi kuziona. Kipande cha tano kinaishia mume amesimama langoni kuja kumchukua, ukoo wote umekaa, baba anamwita bintiye ajibu mbele ya watu. Maneno ya mwisho ya kipande ni haya: Akafungua mdomo, akasema.

Kipande cha sita hatukukiona. Mwenzetu Nesi alikuwa amepewa uhamisho kwenda mbali, na Fundi, kwa huruma, akavunja taratibu, akampa cha sita akisome kabla ya zamu yake na kukituma kwa posta. Badala yake ikaja barua. Huyu Nesi alikuwa mtu mwema sana, lakini r na l kwake zilipokezana zamu, mdomoni na kwenye karatasi pia. Aliandika kwamba anaomba msamaha, mwenzake wa nyumbani hakujua, akawashia jiko kile kipande. Huku, akaandika, ni mahari ya baridi. Lakini tusiwe na wasiwasi, yeye alishakisoma, na mwisho inarudi mahari yake. Zaidi hawezi kusema, sheria ya Fundi tunaijua.

Inarudi mahari yake. Mkaguzi aliisoma kwa sauti, akatabasamu, akasema basi jambo limekwisha. Nesi anakusudia mahali. Mambo yanarudi mahali pake, mke anarudi kwa mumewe, kama riwaya zote zenye adabu zinavyoisha. Ushahidi upo ndani ya barua yenyewe: ameandika mahari ya baridi. Kwa mwanamke huyu mahali ni mahari.

Fundi alikuwa ameacha kukanyaga pedali. "Na kama angetaka kuandika mahari," akauliza, "angeandikaje?"

Kweli, angeandikaje? Fundi akasema yeye anasoma kama ilivyoandikwa: mahari inarudi, ng'ombe wanarudi kwa wenyewe, ndoa imekwisha. Mwanamke aliyesoma barua tisa kwa siku moja harudi. Akirudi, basi mwandishi alikuwa anatupotezea wakati tangu sura ya pili.

Watu walidhani anatetea jambo lake mwenyewe, na mmoja wa walimu wawili waliosoma nasi alithubutu kulisema. Fundi alimwonyesha tu mumewe, aliyekuwa anapuliza moto wa chai, aliyekaa naye miaka thelathini. Akasema yeye anamhukumu mwanamke wa kitabu, na wa kitabu ana kesi yake.

Nani angeamua? Kitabu hakikupatikana dukani, si Kakamega si Kisumu. Mkaguzi alimwandikia Nesi, barua ikarudi na muhuri, amekwenda ng'ambo. Siku zile nchi nzima ilikuwa na homa ya kura, basi Mkaguzi akasema tupige kura. Mama Omena akauliza tunapiga kula saa ngapi, akasahihishwa kama kawaida. Tulikuwa saba. Watatu waliinua mkono kwa mahari: Fundi, Mama Omena na yule bwana wa suruali. Walimu wawili na Mkaguzi wakainua kwa mahali. Nikabaki mimi.

Moyoni nilikuwa na Fundi. Nilikuwa nimekesha na ile sura ya barua tisa, nilijua kabisa yule mwanamke harudi. Lakini Mkaguzi aliniangalia, na tai yake, na bosi wangu anamjua, na mkono wangu ukapanda kwa mahali. Nne kwa tatu. Nilitamani ardhi inimeze.

Hapo ndipo Mkaguzi akatoa lile alilokuwa nalo tumboni muda mrefu. Alisema kauli juu ya riwaya zinataka mtu aliyesoma. Alisema ana sebule, ana makochi, na sanduku ambamo Fundi alihifadhi vitabu lingefaa kukaa kwake, mazungumzo yafanyike huko kwa heshima. Hakumtaja Mama Omena, lakini alisema wageni wa sebule ile huja wakiwa wasafi. Kura imeshaonyesha nani anaelewa kitabu. Mama Omena akavuta beseni lake la samaki karibu na miguu, na nikaona aibu upya.

"Kura haikusoma hiyo kitabu," Fundi akasema. "Ikipatikana nzima, tusome. Ikiwa mahali, beba sanduku, mimi nitakusaidia kuinua. Ikiwa mahari?"

Mkaguzi akacheka. Ikiwa mahari, atakaa chini kwenye mkeka amshikie futi ya kupimia mbele ya soko zima.

Miaka minne ikapita hivyo. Sanduku lilikuwa chini ya meza ya kukatia, na kila Jumamosi Mkaguzi alilitazama kwa jicho la mwenye mali. Mama Omena aliniambia kwamba siku likihamia sebuleni yeye hatafuata, ataacha kusoma, basi. Alikuwa ameanza na kipande kimoja kwa miezi miwili, sasa anamaliza kwa wiki, na watoto wake wanamngojea awasimulie. Fundi mwenyewe hakuonyesha hofu, ila niligundua ameacha kukata vitabu vipya. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mtu hashoni pazia la nyumba asiyojua kama atalala ndani yake.

Nakala nzima ya kile kitabu cha kijani ilipopatikana, ilipatikana Butere, nyumbani kwa shangazi yangu, chini ya mguu wa kabati lililoyumba. Niliinama kuokota kijiko nikaona kijani. Shangazi alidhani nimeumwa na nge. Tulitafuta jiwe la kimo kile, tukainua kabati, nikavuta. Jalada limeliwa pembeni, kurasa zote zipo, mpaka ile tupu ya mwisho. Nilikifunga kwa kamba ya katani mafundo matatu ili nisijaribiwe. Anayetangulia hasemi, na mimi sikujiamini hata kidogo.

Jumamosi ile veranda ilijaa. Habari ilikuwa imepita sokoni, wakaja hata wasiojua kusoma. Nilikata kamba kwa mkasi wa Fundi, nikampa kitabu. Alinawa, akafuta mikono, akatafuta ukurasa, akauweka wazi, kisha akamnyoshea Mkaguzi.

"Soma wewe, Bwana Mkaguzi. Mimi nikisoma mtasema ni ulimi yangu."

Mkaguzi alirekebisha tai. Alianzia nyuma kidogo, langoni, mume amesimama, baba anaita. Alikuwa msomaji mzuri, ukweli usemwe, na soko likanyamaza. Akafika. "Akafungua mdomo, akasema: Baba, mrudishie ma..."

Akakwama. Akasogeza kitabu karibu, akakisogeza mbali. Jasho lilimtoka na hapakuwa na jua. Na hapa nampa haki yake mzee yule, maana angeweza kufunga kitabu, angeweza hata kuikosea herufi kwa makusudi, nani angejua? Alisoma. Alisoma kwa r iliyo wazi, ile r aliyotufundisha miaka yote.

"Baba, mrudishie mahari yake. Mimi sirudi."

Vigelegele vilianzia kwa Mama Omena vikaenda mpaka kwenye vibanda vya nyanya. Mume wa Fundi alimwaga chai. Mimi nililia, sina aibu kusema, kwa furaha na kwa ule mkono wangu wa kura. Mkaguzi alikunja miwani, akainuka kwenye kiti chake, akavua viatu, akakaa mkekani katikati ya wanawake, akanyosha mkono aletewe futi. Akashika ncha moja. Fundi akashika nyingine, akampima Mama Omena mabega, polepole, soko zima likiona, akatamka vipimo na Mkaguzi akaviandika kwenye daftari. Gauni la vipimo hivyo Fundi alilishona bure. Sanduku halikutajwa tena na mtu yeyote.

Lakini haikuishia hapo. Watu walipotulia Fundi alimtaka Mkaguzi asome zilizobaki, mpaka mwisho. Zilikuwa kurasa chache. Kaka zake mwanamke wanawapeleka ng'ombe kwa mume, yeye anabaki nyumbani akisoma barua ya kumi, ambayo dada alikuwa bado hajaituma. Basi. Tukamgeukia Fundi tukitarajia furaha.

Akasema imepwaya. Ndiyo, mahari imerudi, amefurahi, lakini kamba ya ng'ombe wameishika kaka. Kwa nini asiishike mwenyewe? Mwandishi alifika pindoni akachoka. Mkaguzi, kutoka pale mkekani, akasema, "Hapo nakubaliana na Fundi." Tangu siku hiyo kile kiti tuliwekea chai.

Mwisho wa miaka ya tisini macho ya Fundi yaliishiwa nuru, akarudi Mayoni na mumewe. Sanduku alimwachia Mama Omena. Nilikwenda kumwona Jumapili moja, nikapita kati ya miwa mpaka mlangoni kwake, nimebeba sketi iliyofumuka pindo kama kisingizio, na kile kitabu cha kijani ambacho nilikuwa nimekisoma tena. Tulikula, tukaulizana habari za kila mtu. Alitaka nimsomee ule mwisho. Nikausoma.

"Imepwaya," akasema, ameridhika.

Nikafunga kitabu. Moyo ulinienda mbio kuliko siku ya kura. "Mimi sioni hivyo, Mama."

Akageuza uso upande wa sauti yangu. Nikamwambia kwamba ameonewa yule mwandishi. Kwamba mwanamke yule alishamaliza kazi yake langoni, kwa sentensi mbili. Ng'ombe walikuwa jambo la wanaume tangu mwanzo, wao waliwaleta, wao wawarudishe. Yeye alikuwa na barua moja ambayo haijachomwa, na hiyo ndiyo alipaswa kuishika mkononi, si kamba. Nilisema mengi. Nilitaja kurasa. Sikujua kwamba nina maneno kiasi hicho, na hakuna aliyeniandikia hata moja.

Nilimaliza. Kwa mbali watu walikuwa wanapakia miwa.

"Siku ile ya kura," akasema, "mkono yako ilipanda ikiangalia tai."

"Ulijua?"

"Mwanangu, mimi napimanga watu." Akacheka, cheko refu la tumboni. "Sikukasirika. Nilikuwa nangoja tu unipinge na kichwa yako."

Kisha akanyosha mkono, akapapasa hewani mpaka akagusa mfuko wangu.

"Leta hiyo sketi," akasema. "Pindo bado naweza na vidole. Chukua leo leo."